Jeneza Tulilomchongea Shabani

Makambako

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Mlangali? Natumaini maharage yameingia ndani na kwamba hujaolewa na mwingine, maana wanaume wazuri kama mimi hawapatikani hata huku mjini. Mwili wangu mzima. Ya moyoni ndiyo yamenishikisha kalamu, kwa sababu kwenye simu ningelia na wewe ungenitangaza kijiji kizima.

Unamkumbuka Shabani, yule Mrangi wa Kondoa niliyekuja naye Pasaka, aliyekula viazi vyako mpaka ukamuuliza kama kwao kuna njaa? Amefariki, Bibi.

Hapa kwenye kiwanda cha mbao tulikaa chumba kimoja, na kila tukimenya viazi tulibishana dini. Mimi na elimu yangu ya kidato cha pili nikamweleza kuwa Yesu alisema umtendee mwenzako unavyotaka kutendewa. Akasema hata Mtume alifundisha hivyo, umpendelee nduguyo unachojipendelea mwenyewe. Halafu akanitolea Buda, mtoto wa mfalme aliyeacha jumba akaenda kukaa na mafukara. Habari zake alizipata kwa Mhindu aliyemwajiri Dodoma. Huyo Buda naye eti alikataza kumfanyia mtu kinachokuumiza wewe.

Nikamwambia, "Basi hawa wote wamesoma shule moja."

"Na wewe ndiye uliyetoroka," akanijibu. Siku hiyo nilimnyima chumvi.

Jumanne magogo yaliporomoka kwenye rundo yakambana Shabani kifuani. Tukamtoa, bado anaongea. Tukamwomba bosi gari lake limpeleke hospitali. Bosi wetu ni mzee wa kanisa, anayaeleza maandiko kuliko mchungaji wake. Akasema, "Malizieni kupakia lori, litapita hukohuko. Hili nimetoka kubadilisha viti."

Tukapakia, Bibi. Tulipakia mbao kwa kukimbia kama wezi. Lori lilipofika hospitali Shabani alikuwa ameshanyamaza.

Sisi kulia hatujui, tunajua mbao. Tulichagua mbao za paina zisizo na jicho la tawi hata moja, tukazipiga randa, nikachonga jeneza ambalo hata matajiri wa Njombe hawajalilalia. Nilisema hapa hakuna fundi kama mimi, na safari hii hakuna aliyebisha. Tukalibeba mabegani mpaka msikitini.

Shehe akalitazama, akatutazama sisi. "Wanangu, sisi hatuziki kwa jeneza. Anaingia na sanda yake."

Wakristo watupu, hakuna aliyekuwa anajua. Buda wa Shabani nilimjua, lakini Shabani mwenyewe anazikwaje sikuwahi kumuuliza.

Shehe hakutucheka. Akatueleza kuwa ndani ya kaburi huchimbwa mwanandani, mahali pa kumlaza, na pale juu hufunikwa mbao kabla ya udongo. "Libomoeni," akasema kwa upole. Tukiwa tunang'oa misumari palepale uani, bosi akafika na gari lake. Akasimama mbele ya watu, akasema tupendane, sisi sote ni wa Mungu mmoja. Sauti ikamkatika kabisa, na nadhani hakuwa anaigiza. Hilo ndilo linalonimaliza.

Makaburini nilikuwa nampa shehe ubao mmoja mmoja, naye anapanga.

Jioni, tukiwa tumerudi msikitini, mama yake Shabani akapiga kutoka Kondoa. Akaniuliza kama mwanawe alikuwa na watu. Mimi na mdomo wangu huu wote, nikampa shehe simu.

Jumapili sikwenda kanisani, usinipigie kelele. Maneno mazuri nimeshayasikia ya kutosha. Kwenye zamu ya Shabani sasa kuna mtu mwingine, kijana wa Tandala, anapanga magogo palepale na bosi anamwita mwanangu.

Msalimie mama mdogo anayekukamulia ng'ombe, na shangazi wa dukani. Na baba mdogo katekista mwambie hivi: akiwafundisha watoto kumpenda jirani, asiwaambie ni fundisho gumu. Mimi na Shabani tulilielewa tukimenya viazi. Bosi analielewa kuliko sisi. Baada ya kulielewa kinatakiwa nini tena, hapo ndipo anisaidie, kama anajua.

Ni mimi mumeo,
Festo