Bunduki Tuliyoichora na Baba

Karakana ya Baba,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
14 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto. Sisi hatujambo. Baba anakula vizuri, ila macho ndiyo yamekwisha. Sasa anamtambua mtu kwa hatua zake. Daktari anasema miaka arobaini ya mwanga wa kuchomelea haina dawa.

Karakana naiendesha mimi. Wateja walionicheka mwanzoni sasa wananiita Fundi bila kutafuna maneno, na mageti yao bado yamesimama.

Nije kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Wiki iliyopita niliitwa kurekebisha mlango wa duka la gemu. Nimepiga magoti, futi mkononi, nikaona kwenye skrini askari wa angani na bunduki yake. Akamfyatulia adui. Akazungusha kishikio, bunduki ikakata mlango wa chuma. Akazungusha tena, ikaziba ufa kwenye ukuta wa chombo chao cha angani kabla hewa haijawaishia. Kishikio chenyewe kiko kushoto. Kaka, nani angekiweka kushoto, kama si Baba, ambaye mashine ilimla vidole viwili vya mkono wa kulia?

Daftari lile lenye bunduki hiyo nililichora mimi, miezi ile Baba alipolazwa hospitali. Yeye anasema, mimi nachora. "Silaha isiyojua kuziba ilichotoboa ni hasara tupu," alisema, nikayaandika maneno hayo pembeni. Ukaja likizo, ukaliomba: "Nipe nikawaonyeshe wenzangu kazini, tunakotengeneza gemu. Nitawaambia ni lenu." Nikakupa kwa mikono miwili.

Mwenye duka alinionyesha mahojiano yako. Umekaa kwenye kiti cha ngozi, unasema wazo lilikujia peke yako ukiwa unaoga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi nguo hiyo niliifua, nikakupigia na pasi.

Kosa langu ni kwamba nilimwambia Baba. La mahojiano nililimeza. Nilimwambia tu kwamba bunduki yetu imetoka. Alifurahi hadi akaitafuta fimbo mwenyewe. Tukaenda. Mwenye duka akacheza, mimi namsimulia Baba kinachotokea. Mwishoni yakaanza kupita majina ya walioitengeneza gemu, akaniambia nimsomee. Nikasoma yote, hata dereva na mpishi wa ofisi yenu. Lako lilikuwa la tatu.

"Umeruka," Baba alisema.

"Sijaruka."

"Rudia. Polepole."

Mwenye duka akarudisha. Nikasoma tena, na baada ya jina lako nikalitia la Baba, ambalo halipo. Akauliza, "Na lako?" Nikalitia na langu.

Tangu siku hiyo anamhadithia kila mteja kwamba majina yetu yamo. Wengine wana gemu hiyo nyumbani kwao. Hautapita muda mrefu, mmoja wao atamwambia ukweli, tena kwa kicheko. Uongo niliusema mimi, lakini mzigo ni wako, na mgongo wangu umechoka kuubeba.

Sitaki hela yako. Nataka daftari lirudi, lina maneno ya Baba. Na umpigie simu, umweleze kwa mdomo wako mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu aliyekuja kuchukua geti.

Msalimie sana wifi, uwabusu watoto. Shangazi anakusalimu; sijamweleza kitu, bado anajivunia wewe. Kila asubuhi Baba anakuombea heri, nami huitikia amina. Siku hizi kwa shida, lakini huitikia.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe ujasiri wa kushika simu.

Nakupenda bado, ndiyo maana inauma,
Dada yako