Kigelegele Kilichoniponyoka

Jumatatu, 3 Juni
Mtihani wa pikipiki ni Ijumaa. Binti yangu ni nesi, tena nesi hasa, si wa kubeba trei tu. Kapewa kazi ya kupeleka chanjo vijijini. Kwa pikipiki! Sharti ni moja: leseni kabla ya mwezi kuisha, la sivyo wanampa mwingine. Nimeshamtangazia fundi cherehani na mtaa mzima kuwa leseni kapata. Si ataipata tu?

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi uani, na pikipiki ya kaka yangu. Ndoo zangu zote zimegeuzwa koni! Anazizunguka kwa namba nane, taratibu, bila kukanyaga chini. Mguu ukigusa tu, umefeli. Kapiga kumbo ndoo ya nguo — zile nyeupe! Nikamwambia tazama mbele, usitazame tairi. Kaka yangu akacheka: dada, wewe hata baiskeli ilikushinda. Nikamjibu: kwani kocha wa mpira hucheza?

Ijumaa, 7 Juni
Aibu. Aibu tupu.
Nane imechorwa kwa chokaa, kiwanja kizima. Vijana waliomtangulia waliangusha koni ovyo. Akaingia wangu — mgongo wima, klachi anaiachia kama anamimina asali. Nusu ya kwanza safi. Nikajizuia, nikajizuia… kigelegele kikaniponyoka! Akageuka. Mguu chini.
Mtahini, mtu mkavu kama kuni, akasema arudi baada ya wiki mbili, na yule mama wa kelele asije.
Tulipofika nyumbani akasema: mama, safari ijayo baki nyumbani, niahidi. Nikaahidi. Eti nimemfelisha mimi, niliyemzaa!
Ni kweli lakini.

Jumamosi, 15 Juni
Fundi cherehani kauliza picha ya kwenye leseni imetokaje. Nikasema kapendeza. Mdomo huu utaniua!
Mtoto anafanya mazoezi kimya kimya. Chakula hagusi. Kazini wameanza kumtaja mwenzake.

Ijumaa, 21 Juni
Nilibaki nyumbani. Nilibaki kweli — mpaka chai ikapoa.
Nikajibanza nyuma ya choo cha kiwanja, ncha ya mtandio nimeing'ata. Kazunguka. Nusu ya kwanza. Nusu ya pili. Mguu haukugusa! Mtahini kampa mkono, yule yule kuni, tena katabasamu. Kapita! Nikautafuna mtandio hadi ukatoboka.
Basi akavua helmeti, akatazama pale wanaposimama wazazi. Akatazama tena. Akazunguka hadi getini, akachungulia nje. Jamani, si alinikataza mwenyewe? Nami niko nyuma ya choo kama mwizi wa kuku!
Alipoitwa ndani kuchukua cheti nikakatiza katikati ya kiwanja, mbio, umri huu. Nimewahi kufika kabla yake. Nimekaa jikoni, naandika, nahema. Akiingia nitashtuka kama sijui kitu. Nimeshajizoeza: "Ehee, mwanangu, vipi huko?"
Pikipiki hiyo inaingia uani. Imezimwa. Anaita, "Mamaa! Mama, uko wapi?"
Ndiyo kwanza naiona miguu yangu. Chokaa! Hadi vifundoni, na nyayo nyeupe kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti hiki.
Anasukuma mlango. Na kigelegele hiki hapa, kimeshafika kooni —