Osmer Hakuulizwa

Marquette, Michigan,
Jumatatu, 10 Februari 2025.

Mpendwa kaka yangu Reino,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. U hali gani huko Tucson, na goti lako linaendeleaje? Bado unakula zile pilipili mpaka machozi yakutoke? Mimi sijambo, ni kikohozi tu cha msimu. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni, nyumba nzima imejaa mwanga mweupe, na hata mchana sijui kama niko macho au naota.

Najua ni miaka sita sasa hatujaandikiana ila kadi za Krismasi. Barua hii nimeianza mara nne. Sitaki kukuzungusha: nataka tupatane, Reino, hiyo ndiyo haja yangu.

Ule mchezo wetu wa hadithi tunaucheza bado, kila Jumapili mchana, kwenye meza ileile ya Mama. Mimi ndiye msimulizi, na wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na penye shaka bado tunaiachia dadu ile ya pande ishirini. Tumebaki na Wendell wa posta, na mwaka jana tulimpata jirani yetu Mama Lempi, baada ya kufiwa na mumewe Eino. Usicheke! Ana miaka sabini na mmoja, na mtu wake ni Runa, shujaa mjane anayebeba upanga wa marehemu mumewe. Mama Lempi huja na mikate yake ya nyama na viazi, tunakula, halafu ule mji wetu wa ukungu unatujia taratibu. Haki ya Mungu, kuna siku nazisikia kengele zake kabla sijazitaja.

Sasa sikia ya jana. Malkia wa mji alimwomba Runa auzike upanga ule chini ya lango ili ukungu uondoke. Mama Lempi akasema Runa hatoi. Nami kwa mazoea nikarusha dadu kuupima ulimi wa Malkia, kama utamshawishi Runa. Ikaja ishirini, namba ya juu kabisa! Wendell akaruka kitini: "Haya bibi, umekwisha! Lete chuma hicho!" Nikatangaza kwa ile sauti yangu ya kifalme kwamba Runa amelainika, ameufungua upanga kiunoni, ameutoa.

Mama Lempi akaweka penseli mezani. Wala hakukasirika. Akaniambia, "Aili, mwanangu, nitupe shimoni. Niletee joka linile. Dadu ikisema nimekufa, nitakufa. Lakini usinikubalishe. Hilo niachie mwenyewe."

Hata Wendell alirudi kukaa kitini, na Wendell unamjua.

Nikakuona wewe, kaka. Nilikuona waziwazi pale kwenye kiti cha dirishani, wiki mbili baada ya kumzika Baba. Osmer, mtu wako wa mchezoni, alikuwa ameapa kutomsamehe Mtawala aliyekichoma kijiji chake. Nami nikamrushia Mtawala dadu, nikapata ishirini, nikasema Osmer amepiga magoti, amelia, ameubusu mkono wake. Ukasema, "Osmer hawezi." Nikakujibu, "Dadu imesema, bwana, acha utoto." Ukavaa koti lako ukatoka, na kabla theluji haijayeyuka ukawa umeshahamia jangwani.

Miaka yote hii nawaambia watu kwamba ndugu yangu alinisusa kwa sababu ya mchezo. Mchezo! Siku zile sote tulikuwa tunakusukuma umsamehe Baba: mchungaji, shangazi Helmi, na mimi mbele yao. Na mimi nilijua mabaya aliyokuwa akikufanyia, maana chumba changu kilipakana na chako. Mahali pekee ulipoweza kusema hapana palikuwa pale mezani, nami nikakunyang'anya. Nilikosea, Reino. Naona haya kuandika hivi, lakini ningeona haya zaidi kunyamaza.

Basi nikamwambia Mama Lempi nimefuta. Nikamwambia Malkia amesema maneno yake yote matamu, lakini Runa ni wa Mama Lempi mwenyewe. Akikubali, nitampa nafasi moja ya ziada ya kurusha dadu siku ya shida. Akikataa, Malkia atakwenda zake na hakuna adhabu. Runa anafanya nini?

Mama Lempi akafumba macho, nikadhani amesinzia. Nje theluji ilikuwa inaanguka polepole, na mimi nilikuwa pale langoni kabisa, nahisi ukungu usoni. Ndipo akasema, "Upanga chukueni. Ala yake nabaki nayo, nitaitundika mlangoni kwangu." Hakuna dadu ambayo ingebuni hilo. Wendell akapenga kamasi akasingizia mafua.

Tangu jana hiyo ndiyo sheria ya meza yetu. Ulimi mtamu hupimwa kwa dadu, lakini jibu ni la mwenye mtu wake.

Shangazi Helmi anakusalimu, macho yake sasa ni hafifu lakini bado anaoka. Mama Lempi anakusalimu. Wendell anasema wewe ni mwoga wa baridi na kwamba kiti cha dirishani hakikaliwi na mtu.

Ndani ya bahasha utakuta ukurasa nilioukata kwenye daftari letu la zamani la hadithi. Ule mstari wa magoti na busu nimeufuta, nafasi yake iko wazi. Mtawala amesimama, amenyoosha mkono, anangoja. Andika wewe mwenyewe alichofanya Osmer, unirudishie. Hata akimtemea mate, au akimgeuzia mgongo na asirudi kamwe, nitakibandika daftarini kama kilivyo, na ndivyo kitakavyokuwa kimetokea.

Mungu akutunze katika jua lako hilo, akupe usingizi mtulivu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ujibu usijibu,

Aili