Sauti za Upande wa Kulia

Chuo cha Muziki,
Mwanza.
17 Septemba 1994

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Waendeleaje, na lile goti linalokusumbua ukiinama shambani? Mama aliniandikia kwamba mihogo imekubali na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Nimefurahi sana. Mimi huku Mwanza ni mzima, nakula, nalala, nasoma. Najua utashangaa kuona bahasha ina jina lako badala ya la mama. Nakuomba barua hii uisome mwenyewe hadi mwisho.

Mwaka huu Mwalimu Teodora, anayetufundisha nota, ameanzisha utaratibu mpya. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anapewa mmoja wa mwaka wa kwanza, amsaidie masomo na kumshauri. Mimi nilipewa Nkwabi. Baba, huyo Nkwabi ana miaka thelathini na sita! Alihudumia mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo kwa miaka kumi na mmoja, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake, ndipo akaja kusomea ualimu wa kwaya. Siku ya kwanza aliniamkia shikamoo kwa utani. Niliona haya, nikamwambia anayestahili kuamkiwa ni yeye.

Ana kipaji. Akigonga meza kwa vidole, darasa zima linageuka. Lakini imla ilimshinda. Imla yetu ni hivi: mwalimu anapuliza filimbi, sisi tunaandika nota tulizosikia. Nkwabi alikuwa akipata mbili katika ishirini, na Mwalimu Teodora alishasema kwamba atakayeshindwa imla ya mwisho wa Agosti atarudi nyumbani.

Kilichonitatiza ni kwamba nikimpigia nota za besi kwenye piano, aliandika zote bila kosa. Mtu asiyejua nota angekosea kotekote. Huyu alikosea za juu tu, nami nikawa siachi kuwaza kwa nini. Nikaanza kumchunguza. Niliona kwamba akiongea na wasichana anawatazama midomo. Nikimwambia futa, anavuta kiti. Ndege wakilia dirishani sisi tunageuka, yeye anaendelea kuandika.

Alasiri moja nilimkalisha akiwa amenipa mgongo, nikabonyeza vibonye vya piano kimoja kimoja kuanzia kushoto, naye ainue kidole kila akisikia. Kidole kiliinuka na kuinuka. Nilipofika upande wa kulia, penye sauti za juu, kikatulia pajani. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Akageuka, akaniuliza, "Mbona umeacha?"

Sikuwa nimeacha, baba.

Nilipomweleza alivibonyeza mwenyewe vile vibonye vya kulia. Kisha akasema kwamba kule kiwandani kelele zilikuwa nyingi hadi wakawa wanaongea kwa ishara, ila yeye alidhani yuko salama kwa kuwa masikio hayakuwahi kumuuma. Kesho yake hakuja darasani. Nilimfuata kwa dada yake, kule Buswelu, nikamkuta anapalilia. Alisema hawezi kusimama mbele ya kwaya ambayo nusu yake yeye haisikii. Nikamwambia hiyo nusu anaweza kusikiliziwa na mtu mwingine, na nikamwomba ruhusa nimwambie mwalimu. Alikataa. Siku ya tatu akaja mwenyewe, akasema, "Twende, kabla sijabadili mawazo."

Mwalimu Teodora alitusikiliza, akaenda kwenye piano akampigia imla upande wa kushoto. Nkwabi alipata kumi na saba. Amebaki chuoni. Mimi namsikilizia soprano, yeye ananinyoosha mapigo, maana huko mimi ndiye mbovu.

Sasa nina la kukiri. Pasaka ya mwaka jana nilipoimba peke yangu kanisani, nilipofika kwenye nota za juu ulimgeukia mama ukamuuliza kwa sauti kama nimemaliza. Watu walicheka. Niliamini umefanya makusudi, kwamba unaudharau uimbaji wangu. Tangu hapo nikawa namwandikia mama peke yake. Na Krismasi niliposema feri imeharibika, nilidanganya. Ilikuwa inavuka kama kawaida, mimi nimebaki huku na hasira zangu. Sikuwahi kufikiria miaka yako ishirini na miwili katika kile kiwanda cha kuchambua pamba, wala kwa nini mama hukugusa bega kabla ya kukusemesha. Nisamehe, baba.

Sijui kama nimepatia. Labda kweli wimbo hukuupenda, na hilo pia nataka kulijua. Nitavuka kuja Sengerema Jumamosi, tarehe mosi Oktoba. Tutakaa wawili nyuma ya nyumba, uniangalie usoni, uniambie: siku ile kanisani, ulisikia nini?

Mpe mama salamu zangu, na wadogo zangu wote, mmoja mmoja kwa jina. Mungu awalinde hadi tuonane.

Binti yako,
Modesta