Ngazi ya Nyumbani

Baba yangu, shikamoo.

Mguu unaendeleaje? Mimi sijambo, ila magoti yananidai likizo. Humu nimekuwekea picha kumi na moja za ngazi za mawe, za kila mji niliopita. Kabla ya kupiga nilisimamisha rula kwenye kila kidato, kama ulivyonizoesha wewe fundi. Wapita njia wakadhani nimetumwa na serikali. Itazame ile ya tatu: kidato kimoja kimezidi vingine vidole viwili, na watu wanaipanda miaka nenda miaka rudi.

Tangu uanguke kwenye ngazi uliyoijenga mwenyewe, unasema mkono wako umepoteza ufundi. Hata nyundo ukampa Mjomba.

Baba, kidato chako hakikuwa na kosa. Asubuhi ile niliosha ngazi kwa sabuni, simu ikaita, nikaiacha ngazi bila kuisuuza. Nimezunguka miji yote hii nikitafuta namna ya kukwambia.

Mjomba atakuletea nyundo pamoja na barua hii. Nikirudi Jumamosi unigombeze utakavyo, lakini nikukute una vumbi la mawe mikononi.

Ni mimi,
kitindamimba wako