Glasi Ambayo Hukunywa

Mama,

Ni mimi, Georgette wako. Barua hii nimeiahirisha tangu tulipomaliza matanga yako, na sababu si kazi za shule. Sababu ni aibu. Unanijua: mimi ni mtu wa kujifanya sina kosa mpaka nikamatwe. Sasa nimekamatwa.

Unakumbuka siku ya mahari ya Furaha, binti yangu mkubwa. Familia nzima tulishona kitenge kimoja, chenye ndege wa buluu, nawe ulivuka mto asubuhi kutoka Lubunga ukiwa umevaa chako. Nilijua kwa miaka mingi kwamba mkojo ulikuwa unakutoka bila kupenda. Ulipoingia, kabla hata ya kukusalimia, niliangalia kitenge chako kwa nyuma. Kilikuwa kimelowa. Na makochi yote nilikuwa nimeazima kwa jirani. Basi nikakuwekea kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, karibu na masufuria, nikasema huko kuna hewa nzuri. Hewa nzuri! Kulikuwa na moshi tu.

Kwetu mahari haipokelewi mpaka koko wa msichana, bibi yake, aonje kinywaji cha wakwe mbele ya watu wote. Msemaji wao akasimama na glasi, akauliza: "Koko iko wapi?" Nikajibu kwamba una homa kali, umebaki Lubunga. Mdogo wako, tante Marie, akanywa kwa niaba yako. Ukuta wa pale ni wa mbao, Mama. Ulisikia kila neno. Nilipokuja nyuma kuchukua sahani uliniuliza tu: "Balileta nini ya kukunywa?" Nikasema divai. Ukasema: "Iko bien, mutoto yangu."

Haikuwa bien, haikuwa sawa hata kidogo. Na sikukuomba msamaha, si siku ile, si ulipougua, si ulipokuwa unakata roho. Kwenye matanga nililia mpaka watu wakasema Georgette alimpenda mama yake. Nilikupenda, ndiyo. Lakini siku ile aibu ilikuwa kubwa kuliko upendo.

Sasa imenianza na mimi. Nikikohoa kwa vumbi la chaki, mkojo unatoka. Nikicheka, unatoka. Navaa sketi nyeusi kila siku, na wanafunzi wangu wanadhani bado naomboleza. Asubuhi sinywi hata chai, saa sita kichwa kinaniuma. Kwaya nimeiacha, maana sauti ya juu inataka kukaza tumbo, nawe unajua nilivyopenda kuwafunika wenzangu. Furaha amejifungua huko Yangambi na sijaenda kumwona mtoto, kwa kuogopa zile saa ndefu kwenye boti. Nimemwambia nina kazi nyingi. Uongo tena.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda kusafisha kaburi lako. Rafiki yako Mama Véro alikuwa kwenye pirogi, ule mtumbwi wa mbao. Nilitaka kukaa juu ya ubao, akanivuta mkono: "Kuya huku chini, mu maji. Tukifika, bote tumelowana, hakuna mutu wa kuuliza." Sijui alinijuaje. Pale chini, kwenye maji yaliyoingia, walikuwa wamekaa wamama wanne, wametulia kabisa. Akaniambia ni wewe uliyewafundisha.

Mama. Miaka yote nilikugombeza kwa nini unapanda pirogi inayovuja wakati kuna boti nzuri ya injini. Nilikuita mbishi mbele ya wajukuu zako. Na siku ile ya mahari, kumbe labda kitenge chako kilikuwa na maji ya mto tu. Sikuuliza. Niliangalia, nikahukumu.

Nilikwenda kwenye kituo cha afya, nikadanganya kwamba nina malaria. Walipima, hakuna kitu. Nikiwa tayari mlangoni ndipo niliposema ukweli, macho yangu chini. Muuguzi hakushtuka hata kidogo. "Bamama bengi wanakuya juu ya malaria," alisema, "na ku mulango ndio wanasema ya kweli." Amenifundisha kukaza misuli ya chini na kuachia, kila siku, akasema inawasaidia wengi, na kwamba kujinyima maji si dawa. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia barabarani kama mjinga. Kituo kile kiko hatua chache kutoka shuleni kwangu. Napita mbele yake kila siku. Sikuwahi kukupeleka. Nilikuwekea kiti cha plastiki.

Wakwe wa Neema, mdogo wake Furaha, wanakuja mvua zikipungua. Kitenge tayari tumechagua. Kabla ya hapo nitakwenda Yangambi, nitakaa siku kadhaa na Furaha, na nitamwambia yaliyokupata na yanayonipata, ili yakimpata asijifiche.

Pumzika, Mama. Sitakuomba uniambie tena kwamba iko bien. Nakuahidi hivi: msemaji wao atakaposimama na glasi na kuuliza koko yuko wapi, nitasimama na mimi. Nitasema umekufa. Kisha nitawaambia wote, tante Marie akiwepo, kwamba siku ya Furaha hukuwa na homa. Ulikuwa nyuma ya nyumba, umevaa kitenge chetu, na mimi ndiye niliyekuweka huko.

Mwanao,
Georgette