Sahani za video

Siku ya mardi, usiku

Na mimi nilifikiri niko mujanja.

Tangu nianze kupiga video ya maisha yetu hapa Ruashi, bwana yangu amegeuka muntu mwingine. Mbele ya telefone anasema Kifaransa ya bureau, ile ya bakubwa ba kazi, ananiita chérie, mupenzi wake, anaosha sahani inje mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, bantu yote banamuona. Nikishusha telefone, anarudilia kiti yake. Sijui niliolewa na yupi, yule wa video ao huyu wa kiti. Ile inanisumbua kweli.

Leo batiri ilikufa mbele aguse hata sahani ya kwanza. Nikashikilia telefone juu kama vile inaendelea kupiga, nikaanza kumutuma bwana:

"Papa, sugua tena ile sufuria, mwangaza haikuwa muzuri."

Akasugua! Kicheko ilikuwa karibu kunipasua.

Halafu akainama karibu yangu, akasema polepole:

"Mama, najua telefone ilishazima. Usishushe mukono. Ba-voisins, majirani yetu, banaangalia, baache bafikiri naosha sababu ya video tu."

Kumbe!

Nikashikilia tu vile mupaka sahani ya mwisho. Sasa bega inaniuma kuliko kama ningeziosha mimi mwenyewe.